Mtu Asiyeanguka Toruń

Idara ya Hisia Njema za Wageni inautangazia umma kwamba kuanzia Jumatatu ni marufuku mgeni yeyote kuanguka kwenye Mnara Uliopinda wa Toruń kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni.

Hatua hiyo ilikuwa ya busara. Desturi ya mnara inajulikana: unabandika mgongo na visigino kwenye ule ukuta ulioinamia barabara, kisha unanyoosha mikono mbele. Mwenye moyo safi husimama, mwenye dhambi huanguka. Na kila mtu alikuwa akianguka. Idara ilipofungua Kitabu cha Wageni ilikuta mambo ya kusikitisha. “Mji mzuri sana. Nilianguka. Mke wangu amerudi Poznań peke yake.” Chini yake: “Tulianguka sote, padri na kwaya yake. Muuza mikate ya tangawizi alicheka.”

Hilo la kucheka ndilo lililomleta Mkurugenzi Eustachy Pełka kwenye kibanda cha mikate cha Halszka Wrzos, mbele ya mnara, Jumatano asubuhi.

“Mama, ulicheka?”

“Nilicheka, Bwana Mkurugenzi. Padri alitangulia chini, kwaya ikamwitikia kwa sauti nne. Ungekuwepo nawe ungecheka.”

“Kicheko chako kimeshusha hisia za wageni kwa asilimia tisa. Ijumaa jioni kibanda hiki kisiwepo.”

Halszka aliacha kutabasamu. Mama yake aliuza pale, na bibi yake kabla ya hapo.

“Sasa nikauzie wapi? Mtoni, kwa mabata?”

“Lete maombi kwa maandishi. Nakala tatu. Utajibiwa ndani ya siku kumi na nne za kazi.”

“Ijumaa ni keshokutwa!”

“Ndiyo maana nakushauri uwahi.”

Alhamisi mafundi wa Idara walitoboa ukuta wa mnara na kupachika kulabu ndogo ya chuma, usawa wa kiuno, wakaipaka rangi ya matofali. Halszka aliwauliza ni ya nini. Wakamjibu kwamba ni utaalamu.

Ijumaa akafika Mkaguzi Teodozja Kmita kutoka Warsaw. Mkobani alikuwa na barua ya kumhamishia Pełka makao makuu, kwenye kiti kinachozunguka alichokiota miaka mingi. Mkurugenzi alimwongoza hadi mnarani, akaegemea ukuta, akajitikisa kidogo kama kuku anayetaka kutaga, mkanda wake ukanasa nyuma. Akanyoosha mikono. Akasimama dakika moja. Akasimama tano. Njiwa akaja akatua begani.

Mkaguzi alivua miwani akafuta machozi.

“Miaka thelathini serikalini, sijaona kitu kama hiki.”

“Ni moyo tu, Mheshimiwa. Ile barua—”

“Nimeichana.”

“Umeichana?”

“Warsaw tutakuweka wapi? Mtu asiye na dhambi hata moja atatuvurugia ofisi nzima. Wewe ni hazina ya wageni, Bwana Pełka. Utasimama hapa kila siku ya kazi mpaka ustaafu. Labda kama kuna jambo unataka kuungama?”

Mkurugenzi alitikisa kichwa.

Mkaguzi akamgeukia Halszka. “Nawe mama, unakaa hapa siku zote?”

Halszka aliitazama ile kulabu. Akamtazama na Pełka, ambaye macho yake yalikuwa yakisema mengi.

“Nakaa, Mheshimiwa, nikiachiwa kibanda.”

“Umeachiwa. Wewe ndiwe shahidi wa kudumu.” Akaandika hayo papo hapo, akagonga muhuri, akaenda kuwahi treni.

Wageni walimiminika mchana kutwa. Mmoja aliandika kitabuni: “Mji mzuri sana. Mkurugenzi hakuanguka. Mkewe alipokuja kumwita akale, hata hapo hakuondoka.”

Saa kumi ikagonga. Watu wakatawanyika.

“Wee mama,” Pełka aliita. Halszka alikuwa akihesabu sarafu. “Bi Halszka.” Akazihesabu tena. “Dada yangu mpenzi, kulabu imeng’ang’ania mkanda. Nyoosha tu mkono hapa nyuma, unifungue.”

Halszka alifunga mkate wa mwisho kwenye karatasi, taratibu, kona kwa kona.

“Kwa maandishi, Bwana Mkurugenzi. Nakala tatu.”

“Halszka! Mikono yenyewe imekufa ganzi!”

“Pole. Ila kwa kuwa ni wewe,” alisema akishusha pazia la kibanda, “nitajibu ndani ya siku kumi na tatu.”