Faili Mbili Zinazongojana

Jumatatu, 4 Machi
Mwalimu wa kompyuta ametangaza kwamba Ijumaa atachagua mmoja wetu aende na programu yake kwenye maonyesho ya shule zote. Mmoja tu. Programu yangu ya maktaba ina kurasa za zambarau, nzuri mno. Haifunguki. Faili ya Wanachama inaitaka kwanza faili ya Uazimaji, ijue nani hajarudisha kitabu. Uazimaji nao unaitaka kwanza ile ya Wanachama, ujue unamwazima nani. Kigawaji, kile kinachoipa kila faili inachohitaji, kimezunguka baina yao mpaka kikakata tamaa.

Jumanne, 5 Machi
Nimebadilisha mpangilio: Uazimaji juu, Wanachama chini. Kosa lile lile. Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Profesa, amechungulia akasema, shoga, hao ni watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe. Nikamjibu sijamwuliza. Yake inafunguka. Inahesabu viti tu.

Jumatano, 6 Machi
Mpango mpya: msuluhishi. Nimeunda faili ya tatu, nimeiita Shangazi. Wale wawili wamwulize yeye. Lakini Shangazi naye, ili ajibu, ilibidi awaulize wao. Sasa wanangojana watatu. Mama ameuliza mbona sili. Nikasema kuna ugomvi maktaba. Akauliza kama wazazi wameitwa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemeza kiburi, nikaenda kwa mwalimu. Akasema, mwanangu, kinachogombewa hapa ni orodha ya vitabu visivyorudishwa. Itoe, ikae kwenye faili yake, isimwite mtu yeyote. Wengine ndio waiite. Dakika kumi tu, programu ikafunguka! Profesa alipiga makofi, ya kweli nadhani. Mwalimu amesema ikibaki hivi hadi kesho, nitakwenda mimi. Amesema pia nisiguse kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Niligusa kidogo. Niliona si heshima orodha kumtaja mtu kama mwanachama namba saba. Basi, kabla tu ya zamu yangu ya kuonyesha, nikaiagiza iwaulize Wanachama jina lake. Mbele ya darasa zima, skrini nyeupe. Profesa anakwenda na viti vyake. Nimempa mkono na kumtakia heri, karibu kwa moyo wote.

Mwalimu amesema muhula ujao nitapata nafasi tena, ikiwa nimejifunza. Nimejifunza sana. Faili zilikuwa chache mno. Jioni hii nimeongeza nne, na kila moja nimeiagiza isianze kazi kabla ya kushauriana na wenzake wote.