Shangazi Paskazia na Ndege Inayojiendesha

Jumatatu, 2 Machi 1998

Mvua tena hapa Mwanza. Reli imekatika, maji yamebeba tuta, hakuna anayejua treni itafika lini Dar. Na Dar ndiko aliko Dorcas, binti pekee wa Shangazi Paskazia, mjamzito wa miezi minane. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Safari hii anamtaka mama yake pembeni, hataki mtu mwingine. Mkwe ametuma tiketi ya ndege ya Jumanne ya wiki ijayo. Shangazi ameikunja, ameitia ndani ya Biblia, na amesema yeye si kunguru.

Nimemwonea huruma. Kweli kabisa. Nimeifikiria pia nyumba. Shangazi akisafiri, lazima mtu alale kwake Kiseke. Kuna televisheni ya rangi. Kuna friji. Kuna kuku wanaotaga bila kubembelezwa. Mimi napanga chumba ambacho mvua inaingia bila kupiga hodi.

Tatizo ni Chenge, mtoto wa baba mdogo. Naye ameiona televisheni. Amemwahidi Shangazi kumpandisha basi linalopitia Nairobi. Eti kondakta ni rafiki yake, atamweka kiti cha mbele kama waziri. Basi! Njia yote ile, na magoti yale! Shangazi amesema atafikiri.

Ndege lazima ishinde. Nina wazo.

Jumanne, 3 Machi

Wazo liko dukani. Tajiri wangu, Bwana Umang, anauza kompyuta. Mimi ni Mtaalamu wa Maonyesho, yaani nafuta vumbi na kuwasha. Ndani ya ile kompyuta kubwa kuna gemu la kurusha ndege, na kijiti chake cha kuongozea. Shangazi akikaa mbele ya kioo akaona ndege inavyoruka kwa amani, hofu itamtoka. Rahisi!

Nimejaribu Bwana Umang alipokwenda kula. Nimechagua Dakota, ndege ya zamani yenye pangaboi mbili, kwa sababu ina sura ya uaminifu. Sura tu! Ikiwa chini inakalia mkia, pua juu, huoni mbele. Ukiitia moto inavuta kushoto kama mlevi aliyeona mlango wa kilabu. Nikaielekeza kulia. Ikageuka nyuma mbele. Nimelima majani. Nimegonga mnara. Nimeingia ziwani.

Ziwa lenyewe si letu. Mwanza haimo kwenye gemu. Kuna mji mmoja wa Marekani wenye ziwa kubwa na maghorofa. Itatosha. Ziwa ni ziwa.

Jumatano, 4 Machi

Muujiza! Kuna kitufe cha otopailoti. Ukikibonyeza, ndege inajiendesha yenyewe. Nimekaa, nimekunja mikono, nimekula andazi angani.

Ina tabia zake lakini. Haijui lililo sawa, inajua tu ilichokikuta. Ukiibonyeza pua ikiwa juu, itashikilia hivyohivyo. Kwanza usawazishe pua kwa gurudumu dogo la pembeni, ndipo ubonyeze. Ukiizima ghafla, ndege inaruka kama iliyoumwa na siafu. Na upepo ukiisukuma kando haisemi kitu. Inaangalia mbele, inakwenda upande. Namjua mjomba mmoja wa hivyo.

Haya ni madogo. Shangazi hatayaona. Atakachoona ni kwamba hakuna kazi. Ijumaa nitamleta.

Alhamisi, 5 Machi

Siku mbaya. Chenge amempelekea Shangazi mto wa kukalia, wa sponji, wenye maua. Wa basi! Shangazi ameujaribu kwenye kochi na ameusifu mbele yangu.

Dukani nako nimekamatwa. Bwana Umang aliingia nikiwa juu ya maghorofa, nusu pindu. Aliuliza kwa upole hii ni kazi gani. Nikasema napima nguvu ya mashine. Akauliza mbona nimefumba macho. Nikamweleza ukweli, wa Dorcas na tiketi. Ule wa televisheni niliuacha.

Akasema mama yake mzazi alisafiri kwa meli kutoka Bombay huku akilia njia nzima. Nimlete tu huyo Shangazi. Ameagiza hata chai. Mtu mwema sana. Nimejuta kumdanganya, na nimeendelea na mazoezi.

Ijumaa, 6 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Shangazi alikuja na kitenge cha kanisani na mkoba wake mkubwa. Bwana Umang akamwamkia shikamoo, akampa kiti chake mwenyewe. Chenge naye akajitokeza, hakualikwa, amesimama nyuma kama hakimu.

Nikaruka. Vizuri! Mara ya kwanza bila kugusa majani. Shangazi akatazama maji, akauliza liko wapi Jiwe la Bismarck, lile la ziwani kwetu. Nikasema mawe hawajayachora bado. Akakubali. Nikasawazisha pua, nikabonyeza kitufe, nikainua mikono yote miwili juu.

"Unaona, Shangazi? Hakuna anayeshika. Inajiendesha!"

Akauliza sasa rubani ni wa nini. Nikasema wa kunywa chai. Chenge akakohoa. Shangazi akaushika mkoba vizuri zaidi.

Hapo ndipo ujuaji uliponiponza. Nikataka kumwonyesha inavyokwenda polepole, kwa adabu, kama kiti cha kubembea. Nikapunguza moto wa injini. Otopailoti haikulalamika. Ili isishuke, ikainua pua. Nikapunguza tena. Ikainua tena. Kimya. Ndiyo tabia yake ambayo sikuwa nimeigundua: inavumilia mpaka inakufa. Mara kioo kikajaa mbingu, bawa likalala, kisha kioo kikajaa ziwa.

Shangazi akamwita Yesu, akaipiga kibodi kwa mkoba. Herufi zikaruka duka zima. Tukaanguka majini.

Bwana Umang akasema pole mama, hakufa mtu. Chenge akasema basi linaondoka Jumanne alfajiri. Shangazi akasema ataandaa mto.

Jumamosi, 7 Machi

Ajabu. Shangazi amerudi dukani peke yake, na mayai kwenye kikapu, kumwomba radhi Bwana Umang kwa ajili ya kibodi. Walikunywa chai, wakaongea habari za watoto walio mbali. Halafu akaomba aishike ile ndege.

Nikamwambia abonyeze kitufe. Akanipiga kofi mkononi. Akashika kijiti, ncha ya ulimi nje. Ndege ikavuta kushoto. Nikapiga kelele. Yeye akacheka, akasema ujana wake wote huko Misungwi aliswaga maksai wa kulimia. "Ng'ombe anayevuta kushoto humpigi. Unamwekea mkono kabla hajaanza."

Ikaruka. Ikayumba, ikapanda, ikashuka, lakini ikaruka, na yeye jasho linamtoka. Ilipoanguka hakumwita mtu. Aliomba tena.

Baadaye akasema jambo kwa Bwana Umang. Kwamba kilichomtisha si kuruka. Ni kuambiwa hakuna aliyeshika. Dorcas amepoteza wawili, na kila mara watu walimwambia yeye mama mtu kwamba mambo yatakwenda yenyewe. Bwana Umang akaitikia kwa kichwa. Sikufuatilia vizuri, nilikuwa chini ya meza natafuta herufi M.

Jumanne, 10 Machi

Uwanja wa ndege. Shangazi, mto wenye maua, mimi, Chenge. Mpaka hapo alikuwa hajasema kama atapanda. Basi la Chenge lilikuwa limeondoka alfajiri na Chenge alikuwa hamsemeshi mtu.

Rubani akapita na begi lake. Shangazi akamfuata! Rubani akasimama, akamwamkia.

"Marahaba, baba. Wewe ndiye utakayeshika?"

Akasema ni yeye, mama. Shangazi akauliza hatalala? Akasema halali. Na kile kitufe? Rubani akanitazama mimi, sijui kwa nini. Nilikuwa nampungia mkono aseme ndiyo. Akamwambia Shangazi kwamba kitufe kipo, na atakitumia njiani, ila kupanda na kushuka atashika kwa mikono yake, na katikati macho yake yatakuwa hapohapo. Hatamwacha.

Shangazi akauchukua mkono wa rubani, akaugeuza, akaukagua kama anayenunua jembe. Akaurudisha. Akapanda ngazi bila kugeuka nyuma.

Nililia kidogo. Chenge alilia zaidi. Hata hapo amenishinda.

Nyumba ametuachia wote wawili. Ufunguo kampa Chenge, rimoti kanipa mimi. Amesema tusipigane.

Jumapili, 15 Machi

Simu ilikuja jana dukani. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa Jumatano, siku ya pili tu tangu Shangazi afike, na Shangazi alikuwa amemshika Dorcas mkono mwanzo hadi mwisho. Msichana. Mzima, anapiga kelele. Anaitwa Paskazia. Angepanda basi, angekuta yamekwisha. Bwana Umang amegawa pipi kwa wateja wote. Chenge, namwandika kwa haki, amechinja jogoo, na tumekula pamoja tukiangalia televisheni.

Nimetafakari sana. Ni dhahiri otopailoti ndiyo iliyomshawishi. Nisingemwonyesha kile kitufe, leo angekuwa amekwama matopeni. Njia yangu inafanya kazi, na haifai kuishia kwa mtu mmoja.

Nimeshapata wa pili. Mzee Liaqat, mwenye duka la vitambaa jirani yetu, anakwenda Hija mwezi huu, kwa ndege. Kuna kasoro moja tu: haogopi ndege hata kidogo, amesafiri nazo tangu ujana. Nimemwalika kesho saa nne aje atazame.