Njia Tulivu ya Ziwa la Chumvi, Kama Nilivyoiwekea Alama Mwenyewe

Jumatatu, 4 Agosti

Habari kubwa! Jumamosi wanakuja wageni watano wa chama cha baiskeli kutoka mjini. Watafikia kwa mpwa wangu, katika vile vyumba viwili alivyovipaka rangi kwa mkono wake baada ya kuacha kazi ya kaunta mjini na kurudi kwa mama yake. Wanatafuta njia tulivu ya kuzunguka ziwa letu la chumvi. Wasikutane na malori wala honi. Wakiipenda, watakuja kila mwezi na wenzao. Wasipoipenda, mpwa wangu anarudi kaunta. Sanduku lake liko juu ya kabati, nusu ya nguo bado zimo ndani. Anasema ni kwa sababu ya kukosa nafasi. Kabati lenyewe ni tupu, nimechungulia.

Anahitaji kiongozi wa njia. Dada yangu, yaani mama yake, akamtaja Tarishi, eti kwa kuwa alizungusha barua kwenye vijiji vya ziwa hili kwa baiskeli miaka thelathini na moja. Tarishi! Mtu wa goti moja! Nikawaambia mimi nililizunguka ziwa zima kabla ya saa sita mchana, nimebeba mbuzi kwenye karia, na mbuzi mwenyewe alikuwa na mimba.



Dada akasema kaka, umeanza kutia chumvi. Tunaishi kando ya ziwa la chumvi, alitaka nitie sukari?

Mpwa wangu akaniuliza mjomba, kweli njia unaijua? Nikaapa kwa kaburi la bibi. Akasema sawa, lakini niipite yote kwanza kabla ya Jumamosi. Nimekubali. Kazi ndogo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeipita. Si yote. Nimefika banda la mizani, pale chumvi inapopimwa, kama kilomita mbili hivi. Baiskeli yangu haina breki ila ina sifa. Nilisimama kwa kutumia ukuta wa banda.

Sasa, daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme: kupita banda la mizani sijawahi, tangu nizaliwe. Lakini mbuzi alikuwepo kweli.

Nimekaa kivulini nikachora ramani. Ziwa limetoka kama haragwe. Zuri. Tarishi akapita, akasimamisha baiskeli yake yenye kila kitu, hadi kengele. Akauliza kaskazini iko wapi kwenye mchoro wangu. Nikamwambia iko nyuma ya karatasi. Akauliza na mfereji mkubwa nitauvukaje. Nikamwambia kama kawaida yangu. Akacheka, akasema haya bwana mkubwa, kila la heri, akaondoka akipiga kengele bila sababu yoyote.

Simpendi.

Jumatano, 6 Agosti

Mpwa wangu ameuliza kama nimeipita njia. Nimesema naijua hata nikiwa nimefumba macho. Ametabasamu, ameenda kufua mashuka mapya ya wageni. Meupe pee. Aliyaanika mwenyewe, akayanyoosha kwa viganja kama anapapasa mtoto.

Nilipoteza hamu ya kula. Nilikula kidogo tu, sahani mbili.

Ijumaa, 8 Agosti

Akili imenijia wakati nanyoa ndevu! Kiongozi asiyejua njia ana shida gani, kama njia yenyewe ina alama? Nimechukua pazia jekundu la dada, lile la chumba ambacho hakuna anayeingia, nikalikata vipande arobaini. Nikavifunga kwenye vijiti.

Halafu nikapanda tela la trekta la chumvi. Kwenda kwa miguu ni kwa watu wasio na marafiki. Trekta linapita juu ya matuta, katikati ya majaruba, yale mabwawa mapana ya kina kifupi wanayokaushia maji mpaka yabaki chumvi. Huko hakuna lori wala honi. Utulivu mpaka unasikia masikio yako. Kila penye kona, nikachomeka kijiti kando ya jaruba. Dereva akauliza kama Msimamizi wa chumvi ana habari. Nikamwambia mimi na Msimamizi ni kama ndugu. Si uongo, tumewahi kung'atwa na mbwa mmoja. Dereva akatikisa kichwa, akasema basi kesho kuna kazi kubwa. Nikamwambia kubwa sana!

Nimerudi na mchanga mpaka puani. Mpwa wangu amenishika mkono akasema ahsante mjomba. Mara ya mwisho mtu kunishukuru ilikuwa kwa kuondoka.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa na soksi za mtu mwingine.

Asubuhi yote ilikuwa shwari. Wageni walikuja na kofia ngumu na kaptula za kubana. Mkubwa wao ni mama mmoja daktari wa meno, mtulivu, anakutazama mdomoni unapoongea. Nilitangulia mbele, kwa sababu mtu asiye na breki hafai kukaa nyuma. Tukapita banda la mizani (niliinua mkono kama mtu anayelipita kila siku). Vitambaa vyangu vilikuwa vinapepea, kimoja baada ya kingine, kama vinanisalimia. Marundo ya chumvi, ndege wekundu wenye miguu mirefu, minyororo ya baiskeli ikilia taratibu. Daktari wa meno akasema hajawahi kupita njia tulivu namna hii. Nikaona utulivu umezidi, nikaanza kuwahadithia habari za mbuzi. Wakaomba kimya kidogo. Nikawapa kidogo.

Kitambaa cha ishirini, nikaona maji.

Maji hayakuwepo jana. Yalikuwa yanaingia jaruba la kulia, la kushoto, na lile la mbele, kwa haraka, yanang'aa. Na mbele kabisa, watu wa milango ya maji wanakwenda kwa mstari, kutoka kitambaa hadi kitambaa, wanafungua mlango mmoja, wanasogea, wanafungua mwingine. Kwa bidii! Nikawaambia wageni hiyo ni sehemu ya matembezi. Kisha tuta likaanza kulainika. Kisha likawa uji. Baiskeli yangu iliyokosa breki siku zote, leo ikasimama yenyewe.

Tulipanda juu ya rundo la chumvi, watu sita na baiskeli sita, tukakaa saa tatu. Maji pande zote. Nifanyeje? Nikahadithia. Mbuzi akawa ndama. Ndama alipokuwa anavuka mfereji mkubwa akawa ng'ombe mzima, mimi napiga pedali, yeye ameshika usukani. Kuna bwana mmoja mwembamba kama spoki, yeye alicheka mpaka akateleza kutoka juu ya rundo akaenda hadi chini. Daktari wa meno akataka kujua ng'ombe alipigaje kengele. Nikamwonyesha.

Kisha nikaona watu wawili wanakuja ndani ya maji, wamekunja nguo. Tarishi mbele, anaburuza baiskeli yake, anajua kila jiwe lililozama, anaweka mguu kama anapanda ngazi za nyumbani kwake. Nyuma yake mpwa wangu. Wakatutoa mmoja mmoja, wakaturudisha kwa kipito cha nyuma ya ziwa. Tarishi alipiga kengele mara moja tu alipofika kwangu.

Mpwa wangu hakunitazama. Alimpa kila mgeni taulo. Kwangu alipita. Kama angenitukana ningepata pa kujibia.

Jumapili, 10 Agosti

Msimamizi amekuja wakati wa chai. Amebeba vitambaa vyangu kifuani kama kuni. Akavitupa mezani, kimoja kikaingia kwenye kikombe cha yule bwana mwembamba.

Alipiga kelele mpaka kuku wakahama. Kumbe huko kwao, kitambaa chekundu kando ya jaruba maana yake fungua mlango, ingiza maji. Watu wake walitii. Majaruba tisa ya chumvi iliyokaribia kukauka yamekuwa supu. Akaendelea tu, eti na cheupe maana yake chumvi imeiva, kikosi kizima kije mbio na mareki na matoroli, utadhani kuna mtu aliyemuuliza habari za cheupe. Adhabu yangu ni kuvuta reki wiki tatu. Dada akamwambia aniongezee moja, ya pazia.

Nilipopita mlango wa mpwa wangu, sanduku lilikuwa kitandani, wazi. Nilisimama pale.

Kabla ya kuondoka, daktari wa meno aliomba kitabu cha wageni. Akaandika kwa muda mrefu, sisi wote tumesimama. Mpwa wangu akasoma kwa sauti. Vyumba visafi. Mashuka mazuri. Njia: hapana, hapana kabisa, ila yule mzee wa posta aliwatoa kwa kipito cha nyuma ya ziwa, na hicho ndicho walichokuwa wanakitafuta. Watarudi tarehe sita Septemba, watu kumi na wawili. Na mwishoni: yule mjomba wa ng'ombe awepo. Lakini awe amekaa.

Mpwa wangu akaingia chumbani. Nikasikia nguo zinatundikwa kabatini, moja, moja. Akatoka na sanduku tupu, akaweka taulo za wageni ndani yake, akaliweka barazani.

Halafu akanisimamisha ukutani. Kazi ya Tarishi ni njia. Kazi ya mjomba ni kiti na hadithi, uani. Mjomba hagusi njia. Mjomba haweki alama. Umenielewa mjomba? Nikaapa kwa kaburi la bibi. Akasema bibi apumzike, niape kwa kitu changu mwenyewe. Nikaapa kwa baiskeli.

Jumanne, 19 Agosti

Malengelenge mikono yote. Chumvi inaingia humo humo. Leo Msimamizi alisimika kitambaa cheupe jaruba la saba, watu wote sitini wakakimbilia huko na mareki kama moto umewaka. Mimi nikakimbilia upande wa pili, nikalala nyuma ya rundo. Usingizi mzuri sana.

Tarishi kapita akifanya mazoezi. Kapiga kengele. Mara tatu.

Alhamisi, 4 Septemba

Nyumbani ni Tarishi tu. Tarishi kasema mchana kuna upepo, watoke mapema. Tarishi kasema wabebe maji. Dada kamkaangia mayai! Mimi hajawahi kunikaangia hata ganda. Mpwa wangu ameninunulia kiti kipya chenye mto, amekiweka kivulini, akasema mjomba hapa ndipo ofisi yako. Kiti kizuri. Kinaelekea ukutani kidogo.

Sasa nijiulize, mimi si mjinga. Wageni kumi na wawili wanapita nyuma ya ziwa na mtu asiyeongea, mpaka warudi wamechoka, ndipo waje kwangu wanasinzia. Hadithi ya ng'ombe inataka mtu aliye macho. Ingekuwaje kama kungekuwa na alama chache tu, za heshima, kuwatoa kwenye kipito na kuwaleta kando ya majaruba, na hapo wakute kiti kimewekwa, na mimi juu yake?

Hiyo si kugusa njia. Hiyo ni kusogeza kiti.

Jumamosi, 6 Septemba

Naandika nikiwa ofisini, yaani kwenye kiti, kando ya jaruba la nne. Nilikibeba mwenyewe kichwani alfajiri. Nikitia mguu jarubani, maji bado yananifika vifundoni, wanasema chumvi haitakuwa tayari hadi mwezi ujao. Hainihusu.

Alama zote ziko mahali pake, ishirini na tano, kutoka kipito cha Tarishi hadi hapa. Safari hii nimetumia akili. Sikugusa kitambaa chekundu hata kimoja! Chekundu ndicho kilicholeta balaa. Nimechukua mashuka mawili tu ya wageni, yale mapya. Nitamweleza mpwa wangu jioni, akiwa amefurahi. Cheupe ni rangi ya amani, haijawahi kumdhuru mtu.

Na vinaonekana! Vinapepea mpaka kule mwisho.

Wageni bado. Lakini nasikia watu wengi wanakuja kutoka upande wa banda la mizani. Naam, nawaona. Sitini hivi. Wanakimbia. Wana mareki na matoroli. Msimamizi yuko nyuma yao, anakimbia kuliko wote, anapunga mikono yote miwili na kuita jina langu.

Sikujua kama habari za ng'ombe zimefika hadi kwa watu wa chumvi. Nimewapungia na mimi.

Nimepanda juu ya kiti, ili walio nyuma wanione vizuri.