Cheti cha Macho na Dume la Nane

Alhamisi asubuhi, kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Ghanzi, Seabelo alimwona mzee Moatlhodi akiteremshwa kwenye ndege yake mwenyewe, akapiga mluzi wa furaha.

Kazi ya Seabelo ni kuuza vilivyokosekana. Siku hiyo hata yeye alikosa kitu: ng'ombe mmoja. Mahari ya mchumba wake Boitshepo ni wanane, bomani wamo saba, na Jumamosi wajomba wanakuja kuhesabu. Mahari ya witiri, isiyogawanyika kwa mbili, haikataliwi tu, hufukuzwa na mbwa.

"Wamekufanyaje, Rra?" akamuuliza, akimwita bwana kwa heshima ya kwao.

"Eti kuruka humu nchini barua ya daktari wangu yatosha. Kuvuka kwenda Namibia, wanataka cheti cha daktari wa marubani, naye yuko Gaborone, foleni miezi minne! Kwani macho yangu yakivuka mpaka yanakuwa ya mtu mwingine?"

Walioandika sheria hiyo hawajawahi kungoja foleni na mgonjwa wao begani. Wao hupimwa sebuleni.

"Rra, daktari wa marubani ndiye huyu aliyesimama mbele yako."

Akaazima koti jeupe kwa muuza nyama, akachonga muhuri kwenye kiazi.

"Soma bango lile."

"Magwinya," mzee akasoma; chini ya bango maandazi yalikuwa yakikaangwa.

"Umeona kwa macho au umenusa?"

"Daktari, rubani hutumia vyote."

"Umefaulu." Akagonga muhuri kwenye karatasi. "Ada yangu dume moja la ng'ombe."

"Moja tu? Chukua lile lenye baka jeupe. Liko ng'ambo, Namibia, boma la mdogo wangu, Gobabis. Panda, twende ukalichukue."

Seabelo akapanda. Njia nzima alifumba macho. Kila akifumbua, anamkuta mzee kabandika pua kwenye kioo, anatafuta barabara.

Gobabis, ofisa wa kiwanjani hakumtazama mzee hata kidogo. Alitazama muhuri. "Umekolea," akasifu, akawapisha.

Na dume lilikuwa dume kweli! Seabelo akalifunga kamba, akalibusu, akalikokota mpaka kwa bwana mifugo, ambaye alikuwa mama wa Kiherero, jina lake Kauatjirue.

"Cheti chake cha kuvuka mpaka?"

Seabelo akageukia ukuta, akatoa kiazi, akagonga karatasi. "Hiki hapa, mama."

Mama akacheka mpaka kilemba kikapinda. "Mwanangu, kwa mtu tunaangalia muhuri. Kwa ng'ombe tunaangalia ng'ombe. Karantini siku ishirini na moja, na mwenyewe abaki amlishe."

Seabelo akatimua mbio kiwanjani. Propela ilishaanza kuzunguka.

"Rra! Ulijua?"

"Miaka mitatu nimeshindwa kulivusha. Nimekupa kwa moyo mweupe."

"Basi nirudishe, Jumamosi naoa!"

"Kwa macho haya uliyoyapima kwa andazi? Hapana, daktari. Roho yako naihurumia."

Akapaa.

Jumamosi wajomba wa Boitshepo walihesabu saba, wakarudia, saba, wakaita mbwa. Ng'ambo, dume la nane lilipanua kinywa, likapimwa ulimi, meno na kwato bila foleni wala barua, huku Seabelo kalishikia kamba, hajala tangu jana.

"Lina afya tele," mama akasema. "Wewe je?"