Nilivyolipigania Kabati

Jumatatu, 2 Juni

Hakimu hataki kutusikiliza. Kasema watu wazima wawili walioishi pamoja miaka yote hii hawashindwi kugawana vitu vyao, kwa hiyo kabla ya talaka twende kwa msuluhishi. Nimefurahi, ila sikuonyesha. Mahakamani kuna sheria. Kwa msuluhishi kuna maneno tu, na maneno ndiyo fani yangu.

Tuna vitu vitatu vya maana. Nyumba, ambayo ni ya kupanga. Binti, ambaye ameolewa na hagawanyiki. Na duka la mikate. Yaani tuna duka la mikate. Mke wangu anaoka alfajiri, mimi nasambaza asubuhi na kuchangamsha wateja. Nalitaka duka. Lote, na tanuri lake.

Nimepita kwa kinyozi, ambaye ameachika mara tatu na kwa hiyo ni mtaalamu. Akaniambia, huku kanishika kichwa, kwamba wengi hukosea kwa kuomba wanachokitaka. Omba usichokitaka, kililie, kisha kiachie kwa uchungu. Mwenzako ataona haya akupe kile kingine. Nikamuuliza yeye mwenyewe alipata nini. Akasema nisitikisike, wembe ni mpya.

Jumanne, 3 Juni

Nimekipata nisichokitaka. Kabati la vyombo! Mama mkwe alitupa siku ya harusi. Lina milango ya vioo, miguu iliyopinda kama ya mbwa mzee, na limemeza ukuta mzima wa sebule. Kila nikipita linanigonga goti. Mke wangu hawezi kukubali liondoke, ni la mama yake. Nitaling'ang'ania mpaka atoke jasho.

Nimefanya mazoezi ya kulia mbele ya kioo. Jicho la kushoto linakubali. La kulia bado kaidi.

Alhamisi, 5 Juni

Kikao cha kwanza. Chumba kidogo juu ya duka la dawa, meza ya duara, jagi la maji, boksi la tishu. Msuluhishi ni mama mwenye sauti ya chini na miwani ya kamba. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuja kumsindikiza dada yake akaambiwa asubiri nje kwenye benchi. Nilimtazama kwa huruma nyingi mlango ulipokuwa unafungwa.

Mama huyu ana utaratibu wake. Mmoja anasema, mwingine ananyamaza. Halafu yule aliyenyamaza anarudia alichosikia, na msemaji akikubali kwamba ndivyo, ndipo anaruhusiwa kujibu. Mambo ya chekechea.

Mke wangu akaanza. Alisema kirefu. Sikufuatilia yote kwa sababu nilikuwa nalishughulikia jicho la kulia. Nilinasa "duka", nikanasa "pamoja", nikanasa "wewe asubuhi, mimi alfajiri, kama zamani", na kitu kuhusu kuachana bila kuharibiana riziki. Porojo za kumlainisha msuluhishi. Mwishoni, kwa kupita tu, akagusia vyombo vya sebuleni. Hapo nikakaa wima.

Zamu yangu ya kurudia. Nikakohoa. Nikasema nimemsikia vizuri sana mwenzangu: anataka kabati.

Msuluhishi akavua miwani. Akauliza kama ningependa mke wangu arudie, pole pole. Nikasema asijichoshe. Mke wangu akanitazama kama anavyoutazama mkate kabla hajaamua kama umeiva.

"Miaka yote ndivyo anavyonisikia," akasema. "Tuendelee tu, mama."

Nimemchanganya kabisa.

Ijumaa, 6 Juni

Kikao cha pili. Zamu yangu ya kusema.

Nikalisifu kabati. Nikasema maisha yangu yote ya ndoa yamo katika vioo vile. Nikasema usingizi wenyewe hauji nisipolipitia kabla ya kulala. Jicho la kushoto likafanya kazi yake, na la kulia, kwa mara ya kwanza, likaitika. Duka sikulitaja. Hilo nililiacha liive lenyewe.

Mke wangu akarudia neno kwa neno: hawezi kuishi bila kabati la mama, duka hakulitaja. Nikakubali kwamba ndivyo. Msuluhishi akauliza, na duka? Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na ulimwengu, kwamba duka ni mbao na matofali tu. Kisha nikainamisha kichwa nikingoja aone haya.

"Basi kabati ni lako," mke wangu akasema. "Mimi nibaki na duka."

Nilitaka kupinga. Lakini jicho la kulia lilikuwa limefunguka na halizibiki, na kamasi nazo zikaingilia. Msuluhishi akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikaashiria kwa kichwa boksi la tishu, akaona nimekubali. Akanisogezea tishu, na kalamu ya kutia sahihi. Kasema ni nadra kukutana na mwanamume anayejua hasa anachokitaka.

Nje, shemeji akanipa mkono. Akasema amenistahi: dada yake alikuja amejiandaa tuendeshe duka nusu kwa nusu, hata baada ya talaka, na mimi nimemwachia lote.

"Si alikwambia, shemeji?"

Nikasema alinambia.

Jumapili, 8 Juni

Nimehamia chumba kimoja. Kabati limegoma mlangoni, ikabidi fundi ang'oe dirisha. Sasa kitanda kiko nyuma yake. Kulala naingia ubavu ubavu, kama mwizi.

Alfajiri niliamka saa ya kupakia mikate. Nikavaa viatu. Nikakaa kitandani na viatu vyangu mpaka jua likatoka.

Baadaye akaja mama mkwe. Ameambiwa kila kitu. Alilia kwa macho yote mawili bila mazoezi. Kasema bintiye wa kumzaa amemsumbua miaka mingi aliondoe hilo kabati, na kumbe mwenye kulithamini alikuwa mkwe. Atakuwa anakuja kila Jumapili kufuta vioo. Amekuja na kitambaa chake. Amefuta mpaka jioni.

Jumatano, 11 Juni

Shemeji kapita mchana. Msambazaji mpya anapotea njia, anapeleka mikate ya maziwa kwenye duka la rangi. Wateja wananiulizia. Dada yake anaomba nirudi kwenye kusambaza, na nikikubali yuko tayari turudi kwa msuluhishi, nusu kwa nusu iandikwe upya. Ila anataka jibu leo. Kuna mtu mwingine anaisubiri nafasi hiyo kwa hamu.

Moyo uliruka, lakini uso nikauzuia. Ni wazi mke wangu ameelemewa. Ukimkubalia mtu mara ya kwanza anakuona una njaa. Nikamwambia shemeji sina muda wa mikate, nina mipango mingine. Akauliza nina hakika. Nikasema aupeleke ujumbe kama ulivyo, asipunguze.

Ameondoka haraka sana, hata chai hakunywa. Mambo yanakwenda vizuri.

Nimepiga pasi shati jeupe na kukaa karibu na dirisha. Mke wangu atakuja mwenyewe, si zaidi ya kesho. Akija, nitakataa tena kidogo, asije akadhani nilikuwa nangoja.