Mshale wa Maji Mpakani mwa Kitale na Bungoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma mwakilishi, Bwana Mwakilishi, ambaye bado yuko njiani kutoka Kitale, Bwana DO wa tarafa yetu, machifu na manaibu wao, Pasta aliyetuombea na Pasta atakayetuombea tena, Mama Wilkista, mwakilishi wa kina mama, wadau wote mlioketi hemani na wananchi mlioketi juani, hamjambo? (Hatujambo.) Hamjambo tena? (Hatujambo.)

Mimi, Zachary Gichuki, Mwenyekiti wa Kamati ya Pamoja ya Bomba la Maji kutoka Kachibora hadi hapa Kabuchai, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, ambao wengi wamenisifia, kuwaarifu kwamba katika mwaka huu wa 2006 mradi wetu umetekelezwa kwa asilimia mia moja na nane. (Makofi hemani.)

Kama mnavyofahamu, siku hizi hatuchimbi mtaro kiholela. Kwanza maji yanapitishwa kwenye kompyuta, ndani ya softiwea ya kisasa, ili tuone kama yatafika kabla hayajasumbuliwa. Injinia wetu Wangechi, binti msomi, alichora eneo lote, Bungoma huku, Trans-Nzoia ya Kitale kule, na kwenye mpaka kompyuta ikaweka mshale wa kuhesabia: maji yanayoufuata ni ya kujumlisha, yanayokwenda kinyume chake ni ya kutoa. Akatueleza kwamba kwenye ukingo wa nje wa ramani mshale huelekea nje, na hapo hakuna ubishi. Lakini mpaka wa ndani una ardhi huku na huku, hauna nje, kwa hiyo kompyuta huchagua upande wowote. Maji ni yale yale, kinachobadilika ni alama tu, ya kujumlisha au ya kutoa.

Wapendwa, kompyuta ikauelekeza mshale Kitale. Maji ya kuja Bungoma yakasomeka yana alama ya kutoa. Mzee Makokha, mjumbe wa Bungoma, akasimama akauliza ni lini watu wake waliwahi kupewa kitu chenye alama ya kutoa wakanyamaza. (Kelele za kuunga mkono.) Nao wajumbe wa Kitale wakasema hawawezi kunyoshewa mshale kama wezi wa mahindi. Injinia akaugeuza. Sasa maji yakawa ya kujumlisha, lakini mshale ukaelekea Bungoma, na Mzee Makokha akasema hata yeye si mwizi. Ikabidi kamati nzima iende semina Mombasa kutuliza hisia.

Ni mimi, bila kujisifu, niliyeleta suluhisho. Sisi hapa tukialika pasta wa huku, tunaalika na wa kule; tukichinja ng'ombe wa huku, tunachinja na wa kule. Nikasema kila upande upewe mshale wake, na yote miwili ihesabiwe pamoja. Injinia akasema mkifanya hivyo itafutana na maji yatasomeka sifuri. Nikawaambia wajumbe kwamba sifuri haina kabila, haina wilaya, haimpendelei mtu. Tukapitisha sifuri kwa kauli moja na tukapiga picha. (Makofi marefu hemani.)

Naona Mama Wilkista amenyosha mkono. Mpeni maikrofoni.

(Mama Wilkista: "Mwenyekiti, si mtoke kwa huo mshale, bana. Kisima yetu imekauka tangu Januari, na mimi natembea mpaka mtoni na huu mgongo mbaya. Hiyo maji itafika lini?" Kina mama wanapiga makofi.)

Asante, mama, swali lako ni zuri na limeandikwa. Kwa mujibu wa kompyuta maji yameshafika, sifuri huku na sifuri kule, bila upotevu wowote, na hili ndilo bomba la kwanza katika mikoa yetu miwili lisilovuja. (Kicheko juani. Mwenyekiti anasubiri kiishe.)

Nisiwachoshe. Nikisema mshale, mjibu pande zote. Mshale? (Hemani: Pande zote.) Maji? (Hemani: Kwa usawa.)

Nawashukuru sana kwa kuja kuzindua bomba ambalo halijapigiwa hata jembe moja, kwa sababu pesa za mabomba ziliishia kwenye vikao vya mshale, na kompyuta yenyewe ilikuwa ya kuazima, imerudi kwa mwenyewe. Shukrani za pekee ni kwa Mama Wilkista na wenzake, walioamka alfajiri kuchota mtoni maji ya chai ya wageni. Chai imekuwa tamu. Mama, usiondoke kwanza, wageni bado hawajanawa mikono.