Injinia Byron na Kiyoyozi cha Suna

Byron Momanyi alipokiona kile kiyoyozi kati ya vyuma chakavu kwenye skrapu ya Homa Bay, kikubwa hata wapagazi wanne walikibeba kwa matusi, alimkumbuka papo hapo Mama Bathsheba wa Suna. Mama huyo alikuwa na lodgi na kiu moja tu mwaka ule wa tisini na sita: Migori nzima iseme chumba chake kina baridi kushinda hoteli za Kisumu. Jamani, mtu kama huyo si amejileta mwenyewe?

Kufikia Ijumaa alasiri Injinia, kama alivyojiita, alikuwa amekifunga dirishani. Dude lile lilitaka waya nene ya peke yake, soketi kubwa na breka inayolingana nayo. Byron alijua hayo vizuri. Ujinga hakuwa nao, aibu ndiyo ilikosekana. Alikichomeka kwenye soketi ya pasi. Breka ikakata stima. Akairudisha, ikakata tena. Basi akaweka breka kubwa isiyo na makelele, isiyokata hata waya ikichemka, na ile waya nyembamba ya ukutani akaiachia Mungu.

"Kazi safi, Mama. Hata mtoto mchanga alale humu."

"Ubarikiwe, kijana wangu. Sasa Sabato inaingia jua likitua, na mimi pesa sigusi mpaka Jumapili. Utalala humu."

"Humu wapi?"

"Na kiyoyozi chako. Kwangu fundi hulala kwanza kwenye kazi yake. Wa paa alilala mvua ikinyesha. Wa kitanda alikuja na bibi yake, na yule bibi ana mwili."

"Mama, mimi nina kifua."

"Blanketi ziko. Na usikizime; nitakuwa koridoni nikisikiliza."

Angetoroka, lakini kila shilingi yake ilikuwa imeingia kwenye lile dude. Akagusa ukuta: moto! Harufu ya plastiki ikampanda puani. Woga ukamshika kweli. Alikimbia dukani, akaacha saa na koti rehani, akarudi na waya nene, soketi kubwa na breka yake. Alibomoa ukuta huku jua likishuka na kwaya ikianza kanisani, naye akiomba kuliko wote. Akamaliza. Akalala akitetemeka kwa baridi, lakini mzima.

Jumapili Mama Bathsheba alimletea chai, na ile waya iliyoungua akaiweka mezani.

"Hii ulitoa ya nini? Si ulisema kazi safi?"

Byron akaigeuzageuza ile waya kama mtu asiyewahi kuiona.

"Mgeni wangu je, angelala humu?"

"Mama, nisamehe..."

"Nimekusamehe. Nitakulipa vile angekulipa yeye akiwa majivu. Kunywa chai, hiyo ni bure."

Alipofika getini akasikia akiitwa.

"Injinia! Mwezi ujao nachimba choo. Utakuja?"